Kisonono: kinavyoingia, kinavyojificha, na kwa nini mwenye usaha si lazima awe ndiye aliyekileta nyumbani

Mpimaji Mstaafu, Mtwara (mwanzisha uzi):

Salaam, wanajukwaa.

Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeinamia hadubini katika hospitali na vituo vya afya vya Lindi na Mtwara, na sasa nimebaki na mikorosho yangu pamoja na kibarua cha kusuluhisha ugomvi wa majirani. Ugomvi wa karibuni ndio ulionikalisha hapa kuandika. Mwezi uliopita, baada ya malipo ya mnada wa kwanza wa korosho kuingia, kijana mmoja wa mtaani kwetu alianza kutokwa usaha. Kikao kilipoitwa, upande wa mke ulisema kwamba mwenye usaha ndiye aliyetembea, kwa kuwa binti yao ni mzima na hana hata muwasho. Upande wa mume ukajibu kwamba mwanamume haoti ugonjwa kama uyoga, kwa hiyo ameuokota kwa mkewe. Wote wakanigeukia mimi, mtu wa maabara, niamue. Nikawaambia kwamba hadubini inaweza kunionyesha nani anacho, lakini nani alitangulia kukipata haionyeshi kamwe. Hawakuridhika, na chai yangu ilinywewa kimyakimya.

Kisonono, ambacho vijana hukiita gono, huletwa na bakteria aitwaye Neisseria gonorrhoeae, aliyetambuliwa mwaka 1879 na daktari Mjerumani, Albert Neisser. Kabla yake watu walikisia tu, na hata jina la kitaalamu la ugonjwa huu limetokana na kisio lililokosea, kwani kwa Kigiriki maana yake ni mtiririko wa mbegu. Tabibu Galen, katika karne ya 2, aliamini kwamba kinachotoka ni mbegu za kiume.

Kinachotoka ni usaha, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Tulikuwa tunauchukua kwa kijiti chenye pamba, tunaupaka kwenye kioo, tunaupitisha juu ya moto ukauke, kisha tunaumwagia rangi ya zambarau, halafu iodini, halafu spiriti ya kuosha, na mwisho rangi nyekundu. Chini ya hadubini huonekana chembe nyeupe za damu zimejazana, na ndani ya baadhi yake huonekana vijidudu vyekundu vikiwa wawiliwawili, kila jozi ikifanana na korosho mbili zilizobanguliwa na kuwekwa zikitazamana upande wa mkunjo. Mtu wa Mtwara akionyeshwa mara moja hasahau. Sasa angalia: sehemu kubwa ya usaha ule ni chembe zetu wenyewe, zilizokimbilia mahali palipovamiwa. Wingi wa usaha hueleza jinsi mwili ulivyopokea uvamizi, hauelezi uvamizi ulianza lini wala ulitoka kwa nani.

Ndiyo maana mume na mke huonekana kana kwamba wana magonjwa mawili tofauti. Kwa mwanamume bakteria hujishikiza kwenye utando laini wa mrija wa mkojo, ambao ni mwembamba na wenye neva nyingi, na kila haja ndogo hupita juu ya kidonda. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku ya 2 na ya 7, na haja ndogo huchoma mpaka mtu mzima akashika ukuta. Kwa mwanamke bakteria huyu huweka makao kwenye mlango wa kizazi, mahali ambapo hisia za maumivu ni chache na ambapo ute wa kila siku ni jambo la kawaida, kwa hiyo wanawake wengi, nusu yao au zaidi, hawahisi kitu. Wapo pia wanaume wachache wasiohisi chochote. Kwenye koo na kwenye njia ya haja kubwa hali ni hiyohiyo kwa jinsia zote mbili, yaani kimya. Mke asiye na dalili anaweza kuwa ameambukizwa na mumewe juzi, na anaweza kuwa anacho tangu mwaka jana. Mume mwenye usaha anaweza kuwa amekipata nje, na anaweza kuwa amekipata ndani. Vilevile inakadiriwa kwamba tendo moja na mwanamke mwenye kisonono humwambukiza mwanamume kama mara moja kati ya tano, ilhali mwanamke akikutana na mwanamume mwenye kisonono uwezekano ni nusu au zaidi. Kwa hiyo hata mtu akiwa mzima leo, hilo halimthibitishi mwenzake kuwa mzima.

Kuhusu njia ya kuenea, ni kugusana kwa tando laini za mwili kwa mwili: uke, uume, njia ya haja kubwa, mdomo na koo, na macho ya mtoto anapopita kwenye njia ya uzazi. Kuhusu choo cha stendi, ndoo ya kuogea na shuka la nyumba ya wageni, nimesikia mengi, na jibu langu ni la maabara. Ili tumwoteshe bakteria huyu ilitubidi tumpikie chakula cha damu iliyochemshwa mpaka ikawa na rangi ya kahawia, ambayo wataalamu huiita agari ya chokoleti ingawa haina chokoleti. Kisha tuliweka sahani zake ndani ya mtungi, tukawasha mshumaa humo, tukafunga kifuniko, na mshumaa ulipozimika wenyewe hewa iliyobaki ilikuwa na ukaa wa kutosha kumridhisha. Halafu mtungi wote ukaingia kwenye joto la mwili wa binadamu. Akikaushwa, hufa. Kiumbe anayehitaji kuwashiwa mshumaa ili aishi hawezi kukusubiri kwenye kiti cha choo.

Bakteria wengine si wepesi wa kufa hivyo, na kila mmoja ana barabara yake. Tunaoishi kusini tunakumbuka vidonge vya trakoma vilivyogawiwa vijijini. Trakoma huletwa na Chlamydia trachomatis, naye huenezwa kwa vidole, kwa kitambaa cha kufutia uso kinachotumiwa na watoto watatu, na kwa nzi, ndiyo maana hustawi mahali ambapo maji ni ya shida kama yalivyokuwa miaka mingi juu ya uwanda wa Makonde. Aina nyingine za bakteria huyohuyo huacha macho, hushuka kwenye viungo vya uzazi na kuenezwa kwa kujamiiana, na huo ndio ugonjwa wa klamidia, ambao ni mkimya hata kuliko kisonono na mara nyingi huandamana nacho kwa mtu mmoja. Kaswende nayo ina barabara ya ziada, kwa kuwa hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, ilhali kisonono kwa kawaida humngojea mtoto mlangoni.

Sasa madhara. Mlango wa kizazi una ute mzito unaozuia vijidudu kupanda, na wakati wa hedhi kizuizi hicho hulegea, ndiyo maana maumivu ya chini ya kitovu mara nyingi huanza wakati wa hedhi au punde tu baada yake. Bakteria akifika kwenye mirija ya uzazi hukuta vinyweleo vidogo mno vinavyopepea kwa pamoja ili kulisukuma yai lielekee kwenye mji wa mimba. Hujibandika kwenye seli zisizo na vinyweleo, lakini sumu inayobanduka kwenye ganda lake huziua zile seli jirani zenye vinyweleo, nazo hung'oka. Mahali pake huja kovu. Kovu likiziba mrija kabisa, yai na mbegu havikutani. Likiziba nusu, mbegu za kiume hupenya kwa kuwa ni ndogo, lakini yai lililorutubishwa, ambalo ni kubwa zaidi, hukwama njiani na mimba hutunga nje ya kizazi, na mrija ukipasuka mwanamke huweza kufa kwa kuvuja damu tumboni. Wanawake waliofuatiliwa kwa miaka mingi huko Sweden, waliowahi kuugua uvimbe wa mirija kwa sababu ya kisonono, klamidia na wadudu wengine, walionyesha kwamba baada ya kuugua mara moja karibu asilimia 8 walishindwa kushika mimba kwa sababu ya mirija. Mara mbili, karibu asilimia 20. Mara tatu au zaidi, asilimia 40. Nikikumbuka ni wanawake wangapi niliowaona wakitibiwa "chango" kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuwapima kitu, huwa naudhika.

Kwa mwanamume, bakteria huweza kupanda mpaka kwenye mirija iliyo nyuma ya korodani, na huko nako kovu huweza kuzuia mbegu. Kwa wachache wa jinsia zote mbili huingia kwenye damu, na mtu akaja na goti lililovimba, kifundo cha mkono kinachouma na vipele vichache vyenye usaha, akidhani ana baridi yabisi. Tena, mahali penye kisonono hukusanyika chembe zilezile ambazo VVU huzitafuta, kwa hiyo VVU huingia na kutoka kwa urahisi zaidi.

Nimesema ya kutosha kwa kuanzia. Maswali yenu nayapokea.

Mwalimu wa Nachingwea:

Mzee wetu, shikamoo, na ahsante kwa maelezo. Swali langu ni la majina. Hapa kwetu mtu mwenye maumivu ya haja ndogo husema ana UTI, mwingine husema ana kichocho, mwingine ngiri, na mwenye uvimbe wa korodani husemwa ana busha. Je, haya yote ni kitu kimoja, au watu wanatumia majina ya heshima ili wasitamke kisonono?

Mpimaji Mstaafu:

Marahaba, Mwalimu. Yote mawili. UTI limekuwa jina la adabu, na simlaumu anayelitumia mbele ya wakwe, ila akiwa mbele ya mganga wa zahanati linampoteza. Maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo mara nyingi huletwa na bakteria wa utumbo, Escherichia coli, ambaye husafiri mwendo mfupi kutoka njia ya haja kubwa, na huwasumbua wanawake zaidi kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi. Hayahitaji mtu mwingine ili yaanze. Kijana wa kiume mwenye usaha akisema ana UTI, mimi huanza kumtafutia kisonono. Kichocho ni kitu kingine kabisa. Huletwa na mnyoo anayetoka kwa konokono wa maji baridi, na alama yake ni damu, hasa mwishoni mwa haja ndogo, bila usaha. Kimetusumbua sana ukanda huu, kwa hiyo si ajabu kwamba watu huvichanganya.

Kuhusu korodani, busha la huku kwetu kwa sehemu kubwa huletwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu, nalo hukua kwa miezi na miaka bila maumivu makali. Uvimbe uliokuja kwa siku chache, wa moto, upande mmoja, na mtu akishikwa anaruka, huo si wa kungojea kambi ya upasuaji wa mabusha. Huenda ni kisonono au klamidia iliyopanda. Na ukija kwa ghafla kabisa kwa kijana, huenda korodani imejinyonga, jambo ambalo huokolewa kwa upasuaji ndani ya saa chache tu, kwa hiyo aende hospitali usiku huohuo. "Ngiri", kwa maoni yangu, ni neno lililopewa kazi nyingi mno.

Mtu wa Rondo:

Naheshimu elimu yako, mzee, lakini babu yangu alikuwa akitibu kisonono kwa mizizi na watu walipona. Nilimwona kwa macho yangu akimpa mtu dawa, na baada ya wiki kadhaa usaha ulikata. Tena wapo waliougua kwa kukanyaga tego la mwenye mke, na hao hospitali hawakuwasaidia.

Mpimaji Mstaafu:

Ndugu yangu, sibishani na ulichokiona. Usaha wa kisonono unaweza kupungua na hata kukata wenyewe baada ya wiki kadhaa bila dawa yoyote, kwa sababu mwili umezoea, au kwa sababu bakteria wamehamia ndani zaidi. Aliyekunywa mizizi wiki hiyo ataisifu mizizi, na aliyekunywa maji ya madafu angeyasifu madafu. Kaswende ndiyo hodari zaidi wa hila hii. Wiki kama 3 hivi baada ya kuambukizwa hutokea kidonda kimoja kisichouma, nacho hufunga chenyewe katika wiki 3 hadi 6. Mgonjwa hushukuru, kisha baada ya muda huja vipele hata kwenye viganja na nyayo, navyo huondoka vyenyewe. Baada ya hapo ugonjwa hukaa kimya miaka mingi, na kwa baadhi ya watu huula moyo, mishipa mikubwa ya damu na ubongo. Kipimo cha damu huuona wakati wote huo.

Kuhusu tego, niseme tu kwamba mtu aliyelala na mke wa mwenzake na baada ya siku nne akatokwa usaha amefuata ratiba ya Neisseria bila kukosea hata siku moja.

Muuza Dawa:

Mimi ninauza katika duka la dawa muhimu wilaya ya Masasi. Nataka niseme ukweli wa upande wetu. Msimu wa korosho ukichanganya, wanakuja vijana wa ubebaji ghalani, madereva wa malori na wanunuzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa mlango wa nyuma, na ombi ni moja: "Nipe zile za rangi mbili, za buku." Ukimwambia aende kituo cha afya anakucheka na kwenda duka la pili. Nimesoma kwamba dawa nyingi hazifanyi kazi tena kwa kisonono. Je, ni kweli, na imekuwaje?

Mpimaji Mstaafu:

Ni kweli, na ninakushukuru kwa kusema wazi. Historia yake ni ya kusikitisha kidogo. Katika miaka ya 1930 zilikuja dawa za salfa, ambazo usizichanganye na ile salfa ya unga tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na zilionekana kama muujiza. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 zilikuwa tayari zinashindwa. Ikaja penisilini, ikalazimu kipimo chake kiongezwe tena na tena, mpaka mwaka 1976 wakagunduliwa bakteria wenye kimeng'enya kinachoivunja. Tetrasaiklini nayo ikashindwa. Siprofloksasini ilifuata, na mwaka 2007 Marekani iliacha kuipendekeza kwa kisonono. Leo tegemeo ni sindano ya sefitriaksoni, ambayo katika nchi nyingi huambatanishwa na vidonge vya azithromaisini, ileile ya kampeni za trakoma. Nayo imeanza kutikisika: mwaka 2009 huko Kyoto, Japani, alipatikana bakteria sugu kwa sefitriaksoni, na mwaka 2018 Uingereza iliripoti mgonjwa ambaye bakteria wake walishinda sefitriaksoni na azithromaisini kwa pamoja.

Bakteria huyo wa Kyoto alitoka kooni, na hilo linafundisha. Koo letu lina ndugu zake wapole, aina nyingine za Neisseria ambazo hazituumizi, na kila tunapomeza kapsuli mbili leo na tatu kesho kwa ajili ya mafua, wapole hao hujifunza usugu. Kisonono kikifika kooni, kimya na bila dalili, huokota vipande vya vinasaba vyao na kuvitia katika vyake. Tena hubadilisha kila mara umbo la vijinyuzi anavyojishikizia, kwa hiyo mwili haumkumbuki, na aliyepona Jumatatu anaweza kuambukizwa tena Jumatano. Ajabu ni kwamba kaswende, iliyoanza kutibiwa kwa penisilini mwaka 1943, mpaka leo inaisikia penisilini ileile. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu wazima milioni 82 walioambukizwa kisonono duniani mwaka 2020 pekee.

Kwa hiyo mteja wako wa buku anachonunua ni kupunguza usaha. Kapsuli hizo huweza kuupunguza kiasi cha kumrudisha kazini, na akirudi kazini anaendelea kuambukiza.

Kijana wa Tandahimba:

Shikamoo, mzee. Nimeufungua uzi huu mara tatu kabla ya kuandika. Nilitokwa usaha wiki mbili zilizopita, nikanunua kapsuli kumi dukani, bila kuandikiwa hata jina kwenye kikaratasi. Usaha umekata isipokuwa tone dogo asubuhi. Nilimpa mke wangu kapsuli nne kati ya hizo, nikamwambia ni za homa. Ana ujauzito wa miezi saba. Hana dalili yoyote na kadi yake ya kliniki inaonyesha alipimwa akakutwa mzima. Je, nimekosea?

Mpimaji Mstaafu:

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kuliko ulivyofanya kwenye kapsuli. Nitakujibu bila kuzunguka.

Tone la asubuhi ni alama kwamba bakteria bado wapo. Kadi ya kliniki inasema mzima kwa sababu vipimo vya kawaida vya mama mjamzito ni pamoja na VVU na kaswende. Kisonono hakimo humo, kwa hiyo kadi haidanganyi, ni wewe unayeisomea jambo ambalo halikuandikwa. Kapsuli za rangi mbili zisizo na jina zinaweza kuwa doksisaiklini, dawa ambayo haitumiki kwa mjamzito kwa sababu huathiri meno na mifupa ya mtoto, na kapsuli nne hazitibu chochote, ila huwafundisha bakteria. Asimeze nyingine. Nendeni wote wawili kituo cha afya, na kama umebakiwa na kapsuli, ichukue ili mtabibu aitambue. Sindano ya sefitriaksoni hutumika kwa wajawazito, kwa hiyo mkeo hatakosa tiba.

Utalazimika kumwambia. Ukienda peke yako ukapona, utaambukizwa tena naye, na mtoto atapita kwenye mlango uleule.

Muuguzi Mkunga:

Naomba niongezee, maana mzee ni wa maabara na mimi ni wa chumba cha kujifungulia. Mtoto aliyepata kisonono machoni kwa kawaida huanza kuonyesha kati ya siku ya 2 na ya 5: kope huvimba mpaka hazifunguki, na ukizitenganisha usaha hutoka kwa wingi. Hapo hakuna kungoja kesho, kwa sababu bakteria huyu anaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya muda mfupi sana. Nimemwona mtoto aliyeletwa siku ya nane, jicho la kushoto limeshakuwa jeupe. Bibi yake alikuwa amemdondoshea maziwa ya mama siku zote hizo, kwa mapenzi kabisa.

Kuwakinga watoto kulijulikana sana tangu mwaka 1881, daktari Mjerumani Carl Credé alipoeleza jinsi alivyodondoshea watoto matone ya nitrati ya fedha baada tu ya kuzaliwa. Siku hizi tunatumia marhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1, ambayo ni mstari mwembamba ndani ya kope la chini la kila jicho, ndani ya saa ya kwanza. Akina mama wanaojifungulia nyumbani huikosa.

Mama Wawili, Lindi:

Ninauliza kwa ajili ya wanawake tusiotokwa na kitu. Tutajuaje? Tukienda tukisema hatuna dalili, tunaambiwa turudi nyumbani.

Muuguzi Mkunga:

Dada, usiende ukisema huna dalili. Nenda ukisema mwenza wako ana usaha au ametibiwa kisonono, kwa maana hiyo peke yake inatosha kukutibu. Vituo vingi vyetu hutibu kwa kufuata dalili na maelezo kwa sababu kipimo cha kuotesha bakteria kinahitaji maabara kubwa. Kioo na rangi alivyovieleza mzee hufanya kazi vizuri kwa usaha wa mwanamume, lakini kwa ute wa mwanamke hukosa wagonjwa wengi, kwa hiyo kipimo kikisema hakuna, usikifanye cheti. Na usiache kutaja maumivu wakati wa tendo, damu kutoka katikati ya mwezi, au maumivu ya chini ya kitovu yanayokuja na hedhi. Wengi wetu tulifundwa kuvumilia hayo na tunayahesabu kuwa si dalili.

Kijana wa Tandahimba:

Nimerudi kutoa taarifa. Tulikwenda juzi. Nilimweleza mke wangu njiani, tukiwa tumeisimamisha pikipiki chini ya mkorosho, na sitasimulia yaliyosemwa hapo. Kituoni tulipigwa sindano wote wawili na kumeza vidonge mbele ya muuguzi. Mimi nilipimwa pia kaswende na VVU. Tumeambiwa tusikutane kwa siku 7. Hajanisemesha tangu siku hiyo, isipokuwa jana alipouliza swali moja, nami nalileta hapa: je, kwa kuwa ametibiwa, mtoto bado anahitaji dawa ya macho? Mama mkwe anasema mtoto asitiwe kemikali.

Mpimaji Mstaafu:

Anaihitaji. Matibabu ya leo hayamkingi mama dhidi ya maambukizi mapya katika miezi miwili iliyobaki, na wewe unajua kwa nini nasema hivyo. Zile siku 7 zihesabuni kuanzia aliyetibiwa mwisho. Tone la asubuhi likirudi, usinunue kitu. Rudi kituoni uwaambie kwamba ulitibiwa tarehe gani na kwa sindano ipi, ili wajue kama ni maambukizi mapya au ni dawa iliyoshindwa. Mgonjwa ambaye dawa imeshindwa kumponya ndiye tunayetaka usaha wake ufike maabara.

Muuguzi Mkunga:

Na siku ya uchungu ikifika, mkeo amwambie mkunga mwenyewe kwamba alitibiwa kisonono akiwa na miezi saba. Mama mkwe si lazima awepo chumbani wakati huo. Marhamu haina harufu wala haimchomi mtoto, hutia ukungu kidogo machoni kwa dakika chache, kisha huondoka. Msiifute.